Mama mkwe anamfukia mwanangu mchangani ili asimame

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 27, naishi Korogwe na mume wangu, mama yake na watoto wetu wawili. Wa kwanza ni binti wa miaka 8. Wa pili ni wa kiume, ametimiza miaka 3 mwezi uliopita, na huyu ndiye ninayekuandikia habari zake.

Alizaliwa njiti, mimba ikiwa ya miezi saba, akiwa na kilo moja na nusu. Tulikaa naye wodini muda mrefu nikimlaza kifuani mpaka akapata uzito. Nyumbani alinyonya na kuchangamka vizuri, lakini kila nikimvalisha nepi miguu ilikakamaa na kupishana. Alipotimiza mwaka bila kukaa tulimpeleka hospitali, tukaambiwa ana mtindio wa ubongo.

Alikaa mwenyewe akiwa anakaribia miaka miwili. Sasa anakaa chini huku miguu ameikunja kushoto na kulia, na akitaka kwenda mahali anajikokota kwa mikono, miguu inafuata yote kwa pamoja. Nikimsimamisha anakanyaga kwa vidole, visigino havigusi chini. Mikono inafanya kazi, ila wa kulia ni mzito kidogo. Anaongea, anacheka, anajua majina ya watu wote wa mtaani. Jioni dada yake akichukua ndoo kwenda bombani, yeye huangua kilio, anataka waende wote.

Tatizo langu la kwanza ni mama mkwe. Ananipenda na anampenda mjukuu wake, tena mimi nikienda kuuza vitumbua asubuhi yeye ndiye anayekaa naye. Lakini kila siku anamkanda kwa mafuta ya nyonyo, anampanua mapaja kwa nguvu mpaka mtoto anapiga mayowe. Akimaliza anamweka kwenye shimo alilochimba nyuma ya nyumba, anamfukia mchanga mpaka kiunoni ili miguu inyooke. Anasema watoto wa zamani walisimama kwa njia hiyo. Nashindwa kumkatalia.

La pili, kliniki ya mazoezi ni mara moja kwa mwezi na nauli ni kubwa. Tukifika tunasubiri mpaka mchana, mtaalamu anamnyoosha miguu kama dakika kumi, anasema turudi mwezi ujao. Sijafundishwa kitu cha kufanya nyumbani zaidi ya kumnyoosha hivyo hivyo.

La tatu, shemeji yangu aliyeko Maskati ametutumia habari za hospitali moja ya nje inayotibu kwa seli shina. Wanataka shilingi milioni 38. Mume wangu anataka tuuze shamba la machungwa tuliloachiwa Muheza. Majirani nao wanasema nilivunja mwiko nikiwa mjamzito, kwa hiyo hospitali hazitasaidia.

Naomba unijibu kama unavyomjibu binti yako. Tuuze shamba? Na je, atatembea?

Mama K., Korogwe

*

Marahaba binti yangu.

Shamba msiuze. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kurekebishwa pole pole, lakini shamba likishauzwa limekwenda.

Utafiti wa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kwa watoto wenye mtindio wa ubongo upo kweli. Umefanyika Marekani, Australia na kwingineko, na baadhi ya majaribio yameonyesha nafuu kwa baadhi ya watoto. Nafuu hiyo ni ndogo, na bado watafiti wanabishana ni nani hasa anayefaidika na kwa kiasi gani. Hakuna aliyethibitisha kwamba seli hizo zinaponya ubongo ulioumia. Kuna kipimo kimoja ambacho mume wako anaweza kukitumia leo: katika utafiti wa kweli, kwa kawaida mzazi halipi mamilioni ili mtoto wake aingie kwenye jaribio. Anayetaka milioni 38 kabla hata hajamwona mtoto anauza bidhaa. Mwambie amuulize ndugu yake aliyeko Maskati maswali haya: mtoto akishadungwa atafuatiliwa na nani, kwa muda gani, na akipata madhara akiwa Korogwe atapokelewa wapi?

Najua ushahidi utakaoletwa mezani: video ya mtoto aliyekuwa hakai, akatibiwa, baada ya miezi mitatu anakaa. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika Canada kwa watoto 111 wenye mtindio wa ubongo. Wakati huo wazazi wengi walikuwa wakichangishana fedha ili watoto wao waingizwe kwenye chumba cha oksijeni yenye mgandamizo mkubwa. Watafiti waliwagawa watoto makundi mawili. Kundi moja likapewa oksijeni hiyo, jingine likapewa hewa ya kawaida iliyogandamizwa kidogo tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu yenyewe ikawa sawa. Mtoto mdogo mwenye mtindio wa ubongo huendelea kujifunza mwenyewe, na akishughulikiwa kwa saa nyingi na watu wenye matumaini hujifunza zaidi. Sifa zote zikaenda kwa mashine. Kwa hiyo ukionyeshwa video kama hiyo usiseme ni ya uongo. Jiulize tu huyo mtoto angefika wapi bila sindano.

Sasa nikueleze kilichotokea kwa mwanao, maana hao wanaokusema wasikupe mzigo usio wako. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati ana mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo ambayo bado ni dhaifu. Damu ikipungua au ikivuja pale, sehemu inayoumia mara nyingi ni ile zinamopita njia za kupeleka amri miguuni. Ndiyo maana miguu yake imeathirika kuliko mikono. Hakuna mwiko uliouvunja. Tena wewe ulimlaza kifuani wiki zote zile wodini, na njia hiyo imeokoa maisha ya njiti wengi sana.

Jeraha lile halikui wala haliendi mahali pengine. Kinachobadilika ni mwili unaokua juu yake: misuli iliyokaza hurefuka polepole kuliko mifupa, na viungo huanza kuvutwa upande. Kwa hiyo tuna kazi mbili. Moja ni kuulinda mwili usiharibike. Nyingine ni kuufundisha ubongo uliobaki mzima, na huo ni mwingi, utafute namna yake ya kuiendesha miguu hiyo.

Hapa ndipo nisingependa uteleze. Ubongo hujifunza mwendo pale mtoto mwenyewe anapotaka kitu, anapojaribu kukifikia, anapokosea na kujaribu tena mara nyingi. Ukiukunja mguu wake wewe, aliyefanya kazi ni wewe. Hakuna aliyejua kuendesha baiskeli kwa kukandwa magoti. Tafiti za miaka mingi zimeelekea upande huu: mazoezi yanayoleta mabadiliko ni yale ya kufanya jambo lenyewe analolihitaji mtoto, kwa kurudia, katika mazingira yake. Kunyooshwa kwa mkono peke yake, hata kama kumefanywa na mtaalamu hospitalini, kumeonekana hakuongezi uwezo wa kutembea, na misuli hurudi ilikokuwa baada ya muda mfupi. Kitu kinachosaidia kulinda urefu wa misuli ni mvutano mpole unaokaa muda mrefu: kifaa cha plastiki cha kushika kifundo cha mguu, plasta iliyofungwa kwa utaratibu, au kusimama vizuri kwa muda wa kutosha kila siku.

Kwa hiyo ni kweli kwamba mlichokuwa mkifanyiwa kliniki hakitoshi, nawe umeliona hilo kabla sijakwambia. Ukirudi safari ijayo, usimkabidhi mtoto ukakaa pembeni. Mwambie mtaalamu kwa heshima: "Naomba nifanye mimi wewe uniangalie, unirekebishe." Mwonyeshe video fupi kwenye simu ya namna mtoto anavyokaa, anavyojikokota na anavyokula nyumbani. Mwambie ni kitu gani mnataka mtoto akiweze, akupe mambo mawili au matatu ya kufanya mpaka mtakapoonana tena. Wataalamu wengi wamezidiwa na foleni, na mzazi anayekuja na swali moja lililo wazi anawarahisishia kazi.

Kitu gani basi? Umekwisha kukiandika kwenye barua yako bila kujua: anataka kwenda bombani na dada yake. Anzeni hapo. Safari ya bombani ni ndefu kwake, kwa hiyo tuikate. Kipande cha kwanza kiwe kuinuka kutoka kwenye kigoda na kusimama akishika kitu. Tafuta kigoda ambacho akikaa, nyayo zote zinagusa chini na magoti yamekunjika sawasawa, yasizidi kupanda juu wala miguu isining'inie. Mbele yake weka benchi au ukingo wa kitanda unaofika kifuani akisimama. Juu yake weka kitu anachokitaka kweli, kipande cha ndizi au kikombe cha kuchezea. Wewe kaa nyuma yake, mikono yako iwe kwenye nyonga au magoti, usimshike kwapani. Mwambie achukue. Kisha subiri. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa, kwa sababu mtoto atainama, atasukuma, atarudi chini, atakutazama kwa macho ya kuomba msaada, na mkono wa mama unakwenda wenyewe. Mpe nafasi ya kujaribu. Akishindwa kabisa msaidie kidogo pale tu alipokwama, na kesho upunguze. Afanye mara nyingi kadiri anavyofurahia, akichoka mwache.

Usihangaike kutenga saa za mazoezi ambazo huna. Siku yako ina nafasi nyingi tayari. Wakati wa kuoga, asimame akishika benchi huku unamsugua mgongo. Kuvaa, akae kwenye kigoda aingize mguu mmoja kwenye kaptula mwenyewe, japo itachukua muda. Ndizi amenye mwenyewe, mkono wa kulia ushike, wa kushoto uvute, kisha mbadilishe. Mikono miwili ifanye kazi pamoja na ule mzito usiachwe nyuma. Mwaka 2009 Australia walichapisha utafiti wa programu ya nyumbani ya kuboresha kazi za mikono kwa watoto 36 wenye mtindio wa ubongo. Waliofuata programu hiyo kwa wiki 8 waliendelea kuliko wale ambao hawakupewa, na kwa wastani familia zilikuwa zikifanya karibu mara 17 kwa mwezi, dakika kama 16 kila mara. Nakuandikia hesabu hizo kwa sababu najua akina mama wanaojilaumu kila jioni kwamba siku imepita bila saa mbili za mazoezi. Hakuna aliyekudai saa mbili.

Sasa bibi yake. Binti yangu, yule mama ni hazina. Ana muda, ana subira, na ameamka kila asubuhi kwa ajili ya mjukuu wake wakati watu wengine wanasema maneno. Usiende kumwambia kwamba anakosea. Mwombe mume wako awe nawe, na ikiwezekana safari ijayo ya kliniki aende bibi mwenyewe. Maneno ya mtaalamu yatakuwa mepesi kwake kuliko ya mkwe. Kukanda taratibu kwa mafuta kabla ya kulala hakuna ubaya, mtoto hulegea na kufurahi. Kumpanua mapaja kwa nguvu ndiko kukome, na kukome leo. Msuli wa aina hii ukivutwa kwa ghafla hukaza zaidi, mtoto akilia hukaza tena, na mifupa ya mtoto asiyesimama huwa myepesi, inaweza kuvunjika. Halafu kuna jambo jingine: mtoto anayejua kwamba kuguswa miguu ni maumivu hatakubali mtu yeyote amfundishe kuitumia.

Kuhusu shimo, wazee hawakulianzisha kwa upuuzi. Waliona kwamba mtoto akisimama wima huimarika, na hapo walikuwa sahihi: kusimama huipa mifupa uzito wa kubeba, husaidia misuli ya nyuma ya mguu isifupike, na humpa mtoto kuiona dunia kwa urefu wa wenzake. Ubaya ni mchanga. Ukishamfukia huoni kama unyayo umekaa sawa au umejikunja, kama goti limenyooka au limeingia ndani. Mchanga unambana kila upande, kwa hiyo yeye hafanyi kazi yoyote. Jua likipanda unaunguza, na minyoo na funza vimo humo. Chukua wazo la bibi, mlitoe shimoni mlipeleke kwa fundi seremala.

Mwambie fundi awatengenezee ubao wa kusimamia. Uwe na kitako kipana kisichopinduka, sehemu ya nyayo kukaa bapa zikiwa zimeachana kidogo, mbao mbili zenye sponji mbele ya magoti, mkanda mpana nyuma ya makalio, na meza ndogo inayofika chini kidogo ya kifua. Katikati ya magoti pawe na kipande kilichofunikwa sponji ili mapaja yasipishane. Kabla hamjamsimamisha, mtaalamu amkague nyonga na vifundo na kuona kama visigino vinaweza kukaa chini. Mwanzo dakika tano zinatosha. Ongezeni taratibu mpaka jumla kwa siku ifike kama saa moja, hata ikigawanywa mara mbili. Na asisimamishwe akitazama ukuta. Bibi akae mbele yake wachambue mchele pamoja, wahesabu maharage, amsimulie hadithi. Kama hela ya fundi haijapatikana, kuna njia ya kutengeneza viti na meza za watoto hawa kwa maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka. Inatumika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na kiti kikikauka ni kigumu kuliko unavyodhani. Waulize kliniki kama yupo anayeijua.

Akishaweza kusimama akishika, mpigieni uani miti miwili ya mianzi iliyolala sambamba, urefu wa kiunoni kwake, apite katikati akishika huku na huku. Baadaye kigari cha mbao cha kusukuma. Msimnunulie kile kigari cha watoto wachanga, “baby walker”, ambacho mtoto ananing'inia katikati yake huku akisukuma kwa vidole. Kwa mtoto kama huyu kinazidisha kukanyaga kwa vidole na kinaweza kupinduka.

Mkao wake wa kukunja miguu pembeni usiugombanie siku nzima. Anakaa hivyo kwa sababu unampa utulivu na mikono inabaki huru kuchezea. Mbadilishie tu mara kwa mara: kigoda, au apande mto uliokunjwa kama anayeendesha pikipiki, miguu huku na huku. Kumbeba mgongoni kwa mbeleko, mapaja yakiwa yamepanuka kiunoni kwako, kunafaa nyonga zake. Ila ana miaka 3 sasa na mgongo wako ni mmoja, na kila dakika anayobebwa ni dakika ambayo hajikokoti kwenda mwenyewe.

Umeniuliza kama atatembea. Nitakujibu kwa ninayoyajua kutokana na barua yako, bila kumwona. Mwaka 1997 wataalamu wa Canada walitengeneza ngazi tano za kupima uwezo wa mwendo wa watoto hawa. Ngazi ya kwanza anatembea na kukimbia karibu sawa na wenzake. Ya tano anahitaji msaada hata kushika kichwa. Mwanao amekaa mwenyewe kabla ya kutimiza miaka 2, na hiyo ni dalili njema sana, kwa sababu wengi wa wanaokaa kabla ya umri huo huja kutembea kwa namna moja au nyingine. Anaonekana kuwa karibu na ngazi ya tatu, ambayo ni ya watoto wanaotembea wakishika kigari au magongo na kutumia kiti cha magurudumu kwa safari ndefu. Mwombe mtaalamu akwambie ngazi yake kwa uhakika. Sitakuahidi kwamba atakwenda bombani bila kushika kitu. Kwamba anaweza kufika bombani, hilo ninaliona.

Utasikia pia kwamba uwezo mkubwa wa mwendo hupatikana kabla ya miaka 5. Ni kweli kwa mambo ya kukaa, kusimama na kutembea, na ndiyo sababu nataka muanze wiki hii. Lakini mtoto wa miaka 7 bado anajifunza kuandika, kufunga vifungo, kuendesha kiti chake, kujipikia baadaye. Akifika umri wa chekechea apelekwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki hiyo, na kutaka kuwafikia wenzake ni mazoezi bora kuliko yote ninayoweza kukuandikia.

Zipo dawa na sindano za kulegeza misuli, na upasuaji kwa baadhi ya watoto wakikua. Vyote hivyo hufaa pale vinapofuatwa na mazoezi ya kutumia mguu uliolegezwa, na vinahitaji daktari wa mifupa wa watoto. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT ina kliniki ya watoto wenye mtindio wa ubongo, na Moshi hospitali ya KCMC ndiko wanakosomea wataalamu wa mazoezi na wa vifaa saidizi. Kutoka Korogwe barabara ni ile ile, kwa upande wowote mtakaochagua. Nenda mara moja kwa uchunguzi kamili, mfuate mpango wao nyumbani, hamhitaji kuhamia. Ukifika huko waulize habari za vikundi vya wazazi. Mama mwenzio mwenye mtoto wa miaka 8 atakufundisha mambo ya kulisha na kubeba ambayo hata mimi siyajui. Macho yake yapimwe pia, maana njiti wengi huwa na shida ya macho, na mtoto asiyeona vizuri anaogopa kupiga hatua.

Kama mume wako anatafuta mahali pa kuweka fedha, akate sehemu ndogo ya mavuno ya machungwa alipie vitu vinne: fundi seremala, vifaa vya kushika vifundo, safari hiyo moja ya uchunguzi, na picha ya eksirei ya nyonga.

Hiyo picha ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu wenye mtindio wa ubongo nyonga zake huanza kutoka mahali pake, na wale wasiotembea wenyewe wako hatarini zaidi. Mwanzoni haziumi, wala huwezi kuliona jambo hilo kwa macho. Zikija kuuma, mara nyingi mfupa umeshatoka na mtoto hawezi tena hata kukaa kwa raha. Sweden walianza mwaka 1994 kuwafuatilia watoto hawa wote kwa picha za mara kwa mara, na kutoka kabisa kwa nyonga kukawa jambo la nadra kwao, kwa sababu waligundua mapema na kuingilia mapema. Mwanao ana miaka 3 na hujanitajia kama amewahi kupigwa picha hiyo. Omba ipigwe safari ijayo, kisha muulize daktari irudiwe baada ya muda gani. Kwa mtoto kama wako huwa ni kila baada ya miezi 6 hadi 12. Ikitoka usiiache hospitali. Andika tarehe pembeni, uitunze nyumbani mahali pakavu, na kila unapokwenda uibebe, maana daktari atakayeiona ya pili atahitaji kuilinganisha na ya kwanza.